Kulanti Inapovuja Baada ya Kufunga Spea Mpya

Kulanti inayovuja siku chache baada ya gari kufungwa spea mpya mara nyingi hutokea kwenye maungio. Wota pampu, thamostati, rejeta au mpira mpya unaweza kuwa mzima kabisa, lakini maji yakatoka pale spea hiyo inapokutana na injini: kwenye gasketi, kwenye sili, chini ya klipu au kwenye uzi wa bolti. Kwa hiyo tiba yake haianzi na spana wala tyubu ya silikoni. Inaanza na kujua tone linatoka wapi na linatoka wakati gani: injini ikiwa baridi, ikiwa ya moto, au dakika chache baada ya kuzimwa.

Mfumo unaofanya kazi kwa presha

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu tu ya nishati yake hugeuka kuwa mwendo. Takribani theluthi moja hubaki kwenye vyuma vya injini kama joto, na kazi ya kulanti ni kulibeba joto hilo hadi kwenye rejeta. Wota pampu huisukuma kulanti kuzunguka silinda na kupanda kwenye silinda hedi. Ikitoka hapo hupita mpira wa juu, hupozwa ndani ya rejeta kwa upepo na feni, kisha hurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini. Thamostati huifunga njia ya rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha; kwa magari mengi ya Kijapani huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 88 za Selsiasi.

Kifuniko cha rejeta ni zaidi ya kizibo. Ndani yake kuna springi inayoshikilia presha, na juu yake huandikwa tarakimu kama 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha ambayo kifuniko huivumilia kabla ya kuachia maji yaende kwenye tanki la akiba. Tarakimu 1 hapo ni sawa na msukumo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Presha hiyo huchelewesha kuchemka. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, na kwa takribani nyuzi 94 Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya 1 ikiongezwa juu ya ile ya hewa ya pwani, kiwango cha kuchemka hupanda hadi karibu nyuzi 120, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huvumilia zaidi ya hapo.

Kutokana na hayo, ungio linaloonekana kavu asubuhi linaweza kuvuja mchana, kwa sababu injini baridi haina presha ya kusukuma maji yapite penye ufa mdogo. Vilevile, hata uvujaji mdogo huiachia presha itoke, na presha ikitoka maji huchemka mapema. Ndiyo maana gari lenye rejeta karibu kujaa linaweza kuchemsha likipanda mlima wa Kitonga au wa Mai Mahiu. Dereva huona maji yapo, akadhani kosa liko kwenye feni, kumbe kosa ni kifuniko kilicholegea au gasketi inayopumua.

Jambo lingine ni kutanuka kwa metali. Alumini hutanuka kwa joto takribani mara mbili ya chuma cha kusubu. Injini yenye bloku ya chuma na pampu ya alumini huwa na nyuso mbili zinazosuguana taratibu kila inapopata moto na kupoa. Gasketi nzuri hufuata mwendo huo. Gasketi iliyokauka, iliyokunjika au iliyowekwa juu ya mabaki ya ile ya zamani huachia.

Jenuini, za kampuni nyingine na feki

Katika maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala, wota pampu ya gari moja huuzwa kwa bei zilizoachana sana. Kuna iliyo kwenye boksi la mtengenezaji wa gari, ambayo wauzaji huiita jenuini. Kuna ya kampuni inayotengeneza spea kwa jina lake yenyewe. Aisin, kwa mfano, huzitengenezea pampu injini za Toyota na pia huziuza kwenye boksi lake. Kuna za viwanda visivyojulikana, na kuna feki, zinazovaa jina la kampuni kubwa ili zipate soko. Spea isiyo jenuini si lazima iwe mbovu, na boksi zuri si ushahidi wa kilichomo ndani.

Kwa upande wa uvujaji, mambo yanayotofautisha spea nzuri na mbaya yanapimika kwa mkono na jicho kabla ya kufunga. Pampu ya zamani na mpya huwekwa mezani zikiwa sambamba, uso unaokutana na injini ukitazama juu. Matundu ya bolti yanapaswa kulingana, na mapangaboi yawe na urefu na mwelekeo uleule. Sahani inayobeba puli iwe kimo kilekile, kwa sababu tofauti ya milimita chache huupindisha mkanda, mkanda uliopinda huilemea beringi, na beringi ikilegea sili ya pampu haichukui muda kuharibika. Kisha rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu ya uso wa pampu na kutazamwa penye mwanga. Mwanga ukipita chini yake, au fila geji ya milimita 0.05 ikiteleza kwa urahisi, uso huo umepinda. Gasketi nyembamba ya bati haiwezi kuufidia, na pampu hiyo inafaa kurudishwa dukani kabla haijapata doa la oili.

Uzito nao husema kitu. Mwili mwepesi kupita kiasi, wenye vishimo vidogo vya kusubu karibu na njia ya gasketi, unaweza kupitisha maji ndani ya metali yenyewe. Uvujaji wa aina hiyo hauna dawa. Spea hubadilishwa.

Kutafuta mahali panapovuja

Kulanti husafiri. Tone linaloanguka chini ya rejeta linaweza kuwa limetoka kwenye nyumba ya thamostati, likafuata mpira, likapeperushwa na feni, kisha likadondokea kwenye fremu ya mbele. Pia maji yaliyomwagika wakati wa kufunga spea hubaki kwenye mabonde ya bloku na kuendelea kudondoka kwa siku nzima. Hatua ya kwanza, injini ikiwa imepoa, ni kuosha eneo lote kwa maji safi, kulifuta na kulikausha, kisha kuanza kutazama upya.

Kifaa bora cha kazi hii ni pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi na imezimwa, fundi hupampu hewa mpaka presha ifikie ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, bila kuizidi, kisha huacha kwa dakika 10 hadi 15. Mshale ukitulia, hakuna uvujaji wa baridi. Ukishuka, maji hujitokeza mahali fulani, na kwa kuwa feni haizunguki na hakuna mvuke, njia ya tone huonekana wazi. Karatasi nyeupe ya tishu ikipitishwa chini ya kila ungio huonyesha unyevu ambao jicho halijauona. Kwenye pembe zisizofikika, kioo kidogo chenye mpini na tochi hutosha. Kifaa hichohicho, kikiwa na adapta, hupima pia kifuniko cha rejeta.

Gereji nyingi za mtaani hazina kifaa hicho, lakini dalili husomeka bila hicho. Injini huwashwa ikiwa imekaushwa, ikaachwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, kisha ikazimwa na kuchunguzwa. Dakika zile za mwanzo baada ya kuzima ni muhimu: pampu haizungushi maji tena, joto la silinda huendelea kuingia kwenye kulanti iliyosimama, na presha hupanda kidogo. Maungio mengi dhaifu hujitaja wakati huo.

Wakati na mahali pa tone vikiunganishwa, sababu huanza kuonekana. Uvujaji wa injini baridi unaokoma ikipata moto huelekeza kwenye klipu au sili ya mpira, kwa kuwa vitu hivyo hutanuka na kujibana. Uvujaji wa moto pekee huelekeza kwenye gasketi, uso uliopinda au ufa. Maji yanayotoka tu baada ya kupanda mlima au kupiga resi huashiria kifuniko, presha iliyozidi au jambo kubwa zaidi ndani ya hedi. Alama nyeupe, za waridi au za kijani zilizokauka kama chumvi ni njia ya zamani ya maji, na asili yake iko pale juu alama zinapoanzia.

Uso na gasketi

Sababu inayoongoza kwa pampu na nyumba za thamostati ni uso ambao haukusafishwa vizuri. Gasketi ya zamani ya karatasi hubaki imegandamana na bloku katika vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kipande kimoja kilichoachwa karibu na tundu la bolti huinua upande mmoja wa pampu kwa sehemu ndogo ya milimita, na upande wa pili hubaki na pengo. Ukiiangalia pampu kwa nje baada ya kuifunga, hakuna kinachoonekana.

Bloku na hedi za alumini hazipaswi kukwanguliwa kwa bisibisi au patasi. Mchubuko unaokatiza njia ya gasketi kutoka ndani hadi nje ni mfereji wa maji. Kikwangulio cha plastiki au mti mgumu, pamoja na kimiminika cha kulainisha gasketi na subira, hufanya kazi bila kuacha jeraha. Msasa wa mashine nao huchimba mabonde yasiyoonekana, na vumbi lake likiingia kwenye njia za oili hula beringi za injini. Uso ukiisha kusafishwa, hufutwa kwa kitambaa kikavu na kimiminika kisichoacha mafuta, na matundu ya bolti hukaushwa pia.

Silikoni ni chombo kizuri kinachotumiwa vibaya. Baadhi ya maungio yametengenezwa yafungwe kwa silikoni pekee. Mengine yana gasketi ya bati yenye mstari wa mpira au oringi inayokaa kwenye mfereji wake, na hayo hayahitaji chochote. Silikoni ikipakwa juu ya oringi huifanya iteleze na kutoka nje ya mfereji wakati bolti zinakazwa. Ikipakwa kwa wingi kwenye gasketi ya karatasi hubanwa kwenda pande zote mbili: ile ya nje huonekana na kufutwa, ile ya ndani hukatika na kusafiri na maji mpaka kwenye mirija myembamba ya rejeta au ya hita.

Pale silikoni inapohitajika, mstari mmoja usiokatika wa milimita 2 hadi 3 unatosha, ukizunguka upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Spea huwekwa mahali pake ndani ya dakika chache, kabla uso wa silikoni haujaanza kukauka, na haisogezwi tena. Muda wa kusubiri kabla ya kujaza maji huandikwa kwenye tyubu. Silikoni nyingi hukomaa kwa takribani saa 24. Gari linalojazwa maji na kuondoka baada ya dakika 20 limebeba silikoni ambayo bado ni laini, na presha ya kwanza huitoboa. Silikoni yenye harufu kali ya siki haifai kwenye injini, kwa kuwa tindikali inayotoka inapokauka hula metali na huweza kuharibu sensa.

Bolti

Uvujaji ukionekana, mkono wa wengi hukimbilia kukaza. Bolti ndogo za pampu na nyumba ya thamostati, zile za uzi wa milimita 6 zinazofunguliwa kwa spana namba 10, kwa kawaida huhitaji nguvu ya karibu nyutoni-mita 10 tu. Kwa spana fupi hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Zikizidishwa, uzi wa alumini huchanika, au sikio la pampu hupinda na kufungua pengo katikati ya bolti mbili. Katika hali hiyo kukaza zaidi huongeza uvujaji.

Kukaza kwa mpangilio ni muhimu kuliko nguvu. Bolti zote huingizwa kwanza kwa vidole mpaka zifike, kisha hukazwa kwa mkingamo, ya upande huu na ya upande wa pili, kwa awamu mbili au tatu. Bolti ya kwanza ikikazwa kabisa kabla ya nyingine kushika, pampu huegemea upande mmoja na gasketi hubanwa isivyo sawa.

Urefu wa bolti huleta kosa lisiloonekana kirahisi. Pampu moja inaweza kuwa na bolti za urefu wa aina mbili au tatu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hugota mwisho wa tundu. Spana husema imekaza, lakini kichwa cha bolti hakijaibana pampu. Mabaki ya maji au uchafu chini ya tundu huleta matokeo hayohayo, na yanaweza hata kupasua bloku. Wakati wa kufungua, bolti huchomekwa kwenye kipande cha katoni kilichochorwa umbo la pampu, kila moja mahali ilipotoka. Na kama uzi wa bolti fulani unapenya hadi kwenye njia ya maji, huhitaji dawa ya kuziba uzi, la sivyo maji hupanda kwenye uzi wenyewe na kutokea chini ya kichwa cha bolti huku gasketi ikiwa nzima.

Thamostati, mipira na klipu

Thamostati nyingi huzungukwa na oringi yenye mfereji unaoukumbatia ukingo wake. Oringi ya zamani ikibaki imeng'ang'ania ndani ya nyumba na mpya ikawekwa juu yake, kifuniko hakikai. Thamostati isipoingia sawasawa kwenye kitako chake, nyumba ya alumini au ya plastiki hupasuka inapokazwa. Thamostati yenye kitundu kidogo cha kutolea hewa hukaa kitundu kikiwa juu, ili hewa iliyonaswa ipite wakati wa kujaza.

Baadhi ya mafundi huitoa thamostati moja kwa moja kwa hoja kwamba nchi za joto haziihitaji. Kufanya hivyo huiacha injini ikifanya kazi ikiwa baridi mno, ikila mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Kwenye injini ambazo thamostati ikifunguka huifunga pia njia ya mkato, kuiondoa huruhusu sehemu ya maji ya moto kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha kwenye mzigo.

Mpira mpya wa kampuni nyingine unaweza kuwa mpana au mgumu kuliko wa awali. Ukivuja kwenye mdomo, jambo la kutazamwa kwanza ni mdomo wenyewe: kutu nyeupe ya alumini, ukoko wa chumvi au mabaki ya mpira wa zamani huondolewa kwa msasa laini wa mkono. Klipu inapaswa kukaa nyuma ya tuta dogo lililo kwenye mdomo wa bomba, wala isikae juu ya tuta wala kwenye ncha ya mpira. Klipu ya springi iliyotoka kiwandani hufuata kutanuka na kusinyaa kwa mpira. Ile ya skrubu hubana kwa nguvu ya siku ilipofungwa, na hukazwa tena kidogo baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza. Waya wa kufungia si klipu, hukata mpira.

Rejeta nyingi za leo zina kiini cha alumini na matanki ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati. Wakati wa kubadilisha pampu au mpira, rejeta iliyozeeka husukumwa na kuvutwa, na plastiki iliyokauka kwa miaka mingi ya joto hupata ufa karibu na shingo. Uvujaji huo huonekana umeletwa na spea mpya, wakati spea mpya imerudisha tu presha ambayo mfumo uliochoka ulikuwa umeipoteza.

Tundu la pampu

Chini ya mhimili wa wota pampu kuna tundu dogo ambalo wengi hulidhania kasoro ya kiwandani. Ndani ya pampu, sili yenye pete mbili ngumu zinazosuguana, aghalabu moja ya kaboni na nyingine ya kauri, hutenganisha kulanti na beringi. Kiasi kidogo sana kinachopenya hutolewa nje kwa tundu hilo kabla hakijaifikia beringi. Unyevu hafifu saa za mwanzo za pampu mpya, pete zinapozoeana, si jambo la ajabu. Matone yanayoendelea baada ya hapo ni habari kwamba sili imekufa. Kuliziba tundu kwa silikoni huyapeleka maji kwenye beringi, nayo huanza kulia, kisha kukwama au kurusha mkanda.

Sili mpya hufa mapema kwa sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni kuizungusha pampu ikiwa kavu: injini ikiwashwa bila maji ili kujaribu mlio, pete hizo husuguana bila kilainishi na huharibika kwa muda mfupi sana. Ya pili ni kupigilia puli kwa nyundo. Ya tatu ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Ya nne ni kulanti chafu: mchanga wa kutu na vipande vya silikoni hukwaruza uso wa pete. Kwa hiyo mfumo husafishwa kabla ya pampu mpya kufungwa.

Kujaza na kutoa hewa

Baada ya kurekebisha, kinachojazwa kina uzito sawa na kilichofungwa. Maji ya kisima yenye chumvi, ya kawaida katika maeneo mengi ya pwani, huacha ukoko na kula alumini. Kulanti iliyochanganywa tayari, au nzito iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi kama yale ya betri, hulinda metali na sili. Rangi si kipimo cha uhakika, kwani hakuna sheria inayozifunga kampuni zote kwa rangi moja. Watengenezaji wa Kijapani hupendelea kulanti isiyo na silikati, na Toyota huelekeza kwamba kulanti yake ya waridi ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Aina mbili tofauti hazichanganywi. Mfumo humwagwa na kusuuzwa kwanza.

Maji humiminwa polepole, hita ikiwa kwenye moto wa juu kabisa, na mpira wa juu ukiminywa kwa mkono ili mapovu yatoke. Injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi, na maji huongezwa yanaposhuka. Thamostati ikifunguka mpira wa chini hupata moto na kiwango hushuka ghafla. Maji huongezwa tena, kifuniko hufungwa, na injini huachwa mpaka feni iwake. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kiwango hukaguliwa tena. Kupungua kidogo siku ya kwanza kwa kawaida ni hewa iliyobaki ikitoka. Kupungua siku ya tatu na ya nne ni uvujaji.

Maji yanayopungua bila tone

Kuna wakati kiwango hushuka, sakafu ikabaki kavu. Zulia lenye unyevu upande wa abiria, kioo cha mbele chenye ukungu wa mafuta na harufu tamu ndani ya gari huelekeza kwenye rejeta ndogo ya hita. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto, oili yenye rangi ya maziwa, au mapovu mfululizo kwenye rejeta tangu injini iwashwe huelekeza kwenye gasketi ya hedi. Uthibitisho hupatikana kwa kimiminika cha buluu kinachowekwa ndani ya kifaa juu ya mdomo wa rejeta: gesi ya moshi ikipita hugeuka njano. Gari lililochemsha kabla ya kupelekwa gereji mara nyingi liliharibika gasketi hiyo siku ileile, na pampu mpya haiwezi kuitibu.

Dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta, pamoja na mayai na pilipili manga vinavyotumiwa na baadhi ya madereva barabarani, huweza kulifikisha gari kwenye gereji ya karibu. Havichagui tundu, hata hivyo. Hukusanyika pia kwenye mirija ya rejeta, kwenye hita na kwenye thamostati, na baada yake mfumo wote unahitaji kusuuzwa.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Presha ikiondoka ghafla, maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Kulanti yenye ethilini glaikoli ni sumu yenye ladha tamu, hatari kwa watoto, mbwa na kuku. Huhifadhiwa kwenye chombo chenye kifuniko na jina lake, wala haimwagwi uani wala mtaroni.

Spea ikithibitika kuwa na kasoro, kwa uso uliopinda, mwili unaopitisha maji au sili iliyokufa bila kosa la ufungaji, hurudishwa ikiwa na risiti, boksi na picha ya mahali panapovuja. Muuzaji huweza kuuliza kama uso ulipakwa silikoni, kama bolti zilizidishwa na kama mfumo ulisafishwa. Fundi aliyepima kwa rula kabla ya kufunga na kwa presha baada ya kufunga ana majibu ya maswali hayo, na mwenye gari hujua kama analipia spea nyingine au kazi nyingine.